Msio na Kopo: Historia ya Vipodozi vya Wanawake katika Nchi Zetu

Katika nyumba za zamani za pwani yetu, tangu Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, palikuwa na jiwe dogo la matumbawe ambalo mgeni asiyelijua angeweza kulitupa jalalani bila kujuta. Jiwe hilo huitwa msio. Mwanamke alilinyunyizia matone machache ya maji, akachukua kipande cha liwa au cha sandali, akakisugua polepole juu yake mpaka ukapatikana uji mzito wenye harufu nzuri na ubaridi. Uji huo aliupaka usoni na shingoni nyakati za joto, nao ukikauka ulivuta jasho na kutuliza vipele. Kazi yenyewe haikuhitaji moto wala mashine, ila ilihitaji mkono wenye ujuzi, kwani liwa ikisuguliwa kwa haraka huwa chengachenga, na ikizidi maji humiminika.

Tumeanza na msio kwa makusudi. Sisi tuandikao na tufundishao historia tumezoea kueleza habari za jembe, mkuki, jahazi na reli, tukaviita hivyo vyote uvumbuzi wa binadamu. Mambo ya urembo wa wanawake tumeyaacha kando kana kwamba ni upuuzi usiofaa kuingia darasani. Hata ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana nchini Tanganyika mwaka 1962, ngoma, ushairi na lugha vilishughulikiwa kwa bidii kuliko wanja na hina. Lakini mtu akiyachungua mambo haya kwa makini atakuta ndani yake elimu ya mimea na madini, habari za biashara ya Bahari ya Hindi, habari za utumwa na ukoloni, na hatimaye habari za sumu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Kujipaka rangi ni jambo la kale mno. Katika pango la Blombos, kusini kabisa mwa bara letu, wachimbaji wa mambo ya kale walivumbua mwaka 2008 kombe mbili za baharini ambamo udongo mwekundu uliosagwa ulikuwa umechanganywa na mafuta ya mifupa na makaa. Vyombo hivyo vina umri wa miaka 100,000 hivi. Hatuthubutu kusema kwamba rangi ile ilikuwa ya kujipamba, maana ingeweza pia kuwa ya kulainisha ngozi za wanyama au ya kupaka vitu vingine. Tunalojua ni kwamba mchanganyiko wa namna hiyo, yaani udongo mwekundu na mafuta, hutumiwa mpaka leo na Wamasai, wake kwa waume, nao haukuletwa na meli yoyote. Hali kadhalika mafuta ya mbarika huko bara, mafuta ya nazi huku pwani, na samli kwa wafugaji, yote yalikuwa vipodozi kabla ya neno lenyewe kuenea. Ngozi iliyokauka na kupauka ilionekana kuwa ni dalili ya ugonjwa au ya kukosa mtu wa kukujali.

Wanja una historia ndefu zaidi iliyoandikwa. Wamisri wa kale, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, walisaga jiwe la kijani liitwalo malakaiti juu ya vibao vya mawe, baadaye wakapendelea jiwe jeusi linalometameta, yaani galena, ambalo ni madini ya risasi. Walijipaka wanawake, wanaume na watoto. Wataalamu wa Ufaransa waliochunguza mabaki ya wanja yaliyohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre walieleza mwaka 2010 kwamba ndani yake mlikuwa na chumvi za risasi ambazo ni nadra katika maumbile. Maana yake ni kwamba Wamisri walizitengeneza kwa mikono yao, kwa kazi ya wiki kadhaa ya kuchanganya na kuchuja. Wataalamu hao waliona kwamba chumvi hizo zikiwa kidogo sana zaweza kuuamsha mwili upigane na vijidudu vya macho, jambo lenye maana katika nchi ya mafuriko ya Mto Nili. Basi waliouona wanja kuwa dawa hawakukosea kabisa, ingawa risasi yenyewe ni sumu, na leo madaktari wanakataza kabisa kuwapaka watoto wanja wa namna hiyo.

Hapa kwetu wanja ulifika kwa njia ya biashara ya bahari, na jina lake la wanja wa manga lashuhudia ulikotoka, kwa sababu Manga ndiko Uarabuni. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alikuta miongoni mwa vitu vya wenyeji wa mji ule vijiti vya shaba vya kupakia wanja. Yafaa wanafunzi wetu waliofundishwa kuhusu Kilwa ya dhahabu na misikiti ya mawe wakumbuke pia kijiti hicho kidogo, kwa maana kilishikwa na mkono wa mwanamke ambaye hakuna mwandishi wa tarikhi aliyetaja jina lake. Kuna jambo jingine la kuchekesha kidogo: neno la Kiarabu la wanja, al-kuhl, ndilo lililozaa neno alkoholi katika lugha za Ulaya. Wakemia wa zamani walilitumia kwa unga laini kabisa, kisha kwa kiini cha kitu chochote, mwishoni kwa kiini cha mvinyo.

Tusidhani kwamba sumu katika vipodozi ni jambo la watu weusi au la watu wa mashariki. Mabibi wa Roma walijipaka usoni unga mweupe wa risasi, na mabibi wa Ulaya waliendelea kufanya hivyo kwa karne nyingi, pamoja na wale wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Unga ule uliharibu ngozi waliyotaka kuipamba, na kadiri ngozi ilivyoharibika ndivyo walivyozidisha unga ili kuficha. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana tutalikuta tena.

Hina ni habari ya furaha zaidi. Mhina ni mti mdogo unaostawi katika nchi kavu, na majani yake yakikaushwa na kusagwa huwa na chembe ya rangi ambayo hushikamana na ngozi, kucha na nywele. Bibi zetu hawakujua jina la chembe hiyo, lakini walijua kazi yake yote. Walijua kwamba unga wa hina lazima uchanganywe na kitu kichungu kama limau, ukaachwa kwa saa kadhaa, maana uchungu ndio unaoifungua rangi. Walijua kwamba viganja na nyayo hushika rangi kuliko mgongo wa mkono, kwa kuwa ngozi yake ni nene. Walijua kwamba hina ikibanduliwa huonekana ya rangi ya machungwa, na bibi harusi asihuzunike, kwani kesho yake itakuwa imekolea. Mambo yote hayo maabara za leo zimeyathibitisha moja baada ya moja.

Pamoja na hina hupakwa piko, rangi nyeusi ya kuchorea nakshi zilizo nyembamba. Hapa ndipo furaha inapopungua. Piko inayouzwa madukani siku hizi aghalabu ni unga wa kutia nywele rangi nyeusi, nao una kemikali ambayo wataalamu huiita parafenilinidiamini. Kemikali hiyo ilitokana na maabara za Ulaya katika karne ya 19, wakati wakemia walipokuwa wakitafuta rangi za nguo katika lami ya makaa ya mawe, na kabla ya karne hiyo kwisha ikawa imeanza kutumiwa kwa nywele. Mwaka 1909 Mfaransa Eugène Schueller alianzisha kampuni ya rangi za nywele ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa jina la L'Oréal. Kwenye nywele kemikali hiyo hutumiwa kwa kipimo na kwa dakika chache. Ikipakwa moja kwa moja juu ya ngozi na kuachwa ikauke, baadhi ya watu hutokwa na malengelenge, na makovu ya maua yale hubaki kwa miezi, na pengine kwa maisha. Mtu akisha kupata mzio huo, hata rangi ya nywele hataweza kuitumia tena.

Marekani walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1933 palikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyohiyo. Mwanamke mmoja alipofuka macho kwa sababu yake, na mwingine akafa. Serikali haikuwa na uwezo wa kuiondoa sokoni, kwa sababu sheria iliyokuwapo haikugusa vipodozi hata kidogo. Sheria mpya ilipatikana mwaka 1938. Ilichukua miaka mitano, na picha ya macho ya mama yule ilipelekwa mbele ya wakubwa, ndipo wakakubali kwamba urembo nao unahitaji sheria.

Turudi pwani. Elimu kubwa ya urembo wa pwani haikuwa katika kitu kimoja kimoja bali katika mpango wa siku nyingi, nao ulikuwa mikononi mwa somo. Somo ndiye aliyemfundisha mwari mambo ya utu uzima, na ndiye aliyemtengeneza bibi harusi. Alimsugua kwa singo, mchanganyiko wa viungo vilivyopondwa kama vile karafuu, maua ya waridi, liwa na dalia, akamfukiza kwa udi na ubani katika chetezo, akamvika kikuba cha asumini, mkadi na rehani, akampaka tibu. Udi wenyewe ulitoka mbali, katika misitu ya nchi za mashariki ya Bara Hindi, na haukuwa mti wowote bali ni ule tu ulioshikwa na ugonjwa wa kuvu, ukatoa utomvu wa kujikinga. Basi chetezo kimoja cha Unguja kiliunganisha karafuu ya Pemba, ubani wa Uarabuni na Somalia, na gogo lililougua upande wa pili wa bahari. Wala manukato hayakuwa ya wanawake peke yao. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu, akamiminiwa marashi ya Dameski mikononi, kama ilivyokuwa desturi ya kumheshimu mgeni.

Tunaomba msomaji aangalie jambo moja katika habari hizi. Mwanamke aliyetumia singo alikijua kila kilichomo. Alikiona kikipondwa, alikinusa, na kama kilimwasha alimwambia somo, naye somo akapunguza karafuu. Ujuzi na kitu vilikwenda pamoja. Hatusemi kwamba kila cha zamani kilikuwa salama, maana tumekwisha kusema habari za wanja. Twasema tu kwamba palikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kopo lilibadili hali hiyo. Mwaka 1859 kijana mmoja mkemia wa Marekani, Robert Chesebrough, alikwenda kwenye visima vipya vya mafuta huko Pennsylvania, akaona wafanyakazi wakilaani utandu mzito uliokuwa ukiziba mashine, lakini wakiupaka kwenye majeraha na mahali walipoungua. Aliuchukua, akausafisha kwa miaka, na mwaka 1872 akapata hataza ya kitu alichokiita Vaseline. Hakitibu jeraha kwa nguvu zake, bali huzuia maji ya ngozi yasipotee. Kilienea duniani kote, na katika nchi zetu kiliingia katika kila nyumba, kwa mtoto mchanga na kwa mzee, kwa midomo na kwa visigino, hata samli ikarudi jikoni. Hatuna ugomvi nacho. Ila pamoja nacho ilikuja desturi mpya: kufungua kifuniko na kuamini maandishi ya nje.

Juu ya nywele tutasema kwa ufupi, ijapokuwa zingestahili makala yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wawili weusi wa Marekani, Annie Turnbo Malone na Sarah Breedlove, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Madam C. J. Walker, walijenga biashara kubwa za mafuta ya nywele, wakawapa kazi maelfu ya wanawake waliokuwa hawana ila kufua nguo na kupika katika nyumba za wazungu. Waliwainua wenzao, na papo hapo biashara yao ikahusishwa na kunyoosha nywele. Mambo hayo mawili hayatengani kwa urahisi, na mwalimu asiwalazimishe wanafunzi wachague moja. Dawa za kunyoosha nywele zilizofuata katikati ya karne zilikuwa kali zaidi, na utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulionyesha kwamba waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wasiozitumia.

Sasa tumefika kwenye krimu za kujichubua.

Krimu hizi hazikubuniwa kwanza kwa ajili ya Mwafrika. Tangu karne ya 19 wanawake wa Ulaya na Marekani walinunua krimu zenye zebaki ili kuondoa madoa ya jua usoni, katika zama ambazo uso uliochomwa na jua ulikuwa ni alama ya mfanyakazi wa shambani. Zebaki huzuia kazi ya kimeng'enya ambacho hutengeneza melanini, ile rangi ambayo hulinda ngozi dhidi ya jua. Wazungu walipobadili mawazo na kuona fahari kuota jua ufukoni, wenye viwanda wakawa na kitu kisicho na mnunuzi wa kutosha kwao. Wanunuzi wengine walipatikana miongoni mwa watu weusi wa Marekani, kisha Afrika Kusini, ambako rangi ya ngozi iliamua mtu akae wapi, asome wapi na apande gari gani, na kutoka huko hadi Afrika Mashariki. Gazeti la Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951, lilijaa matangazo yake, yenye picha za wasichana wanaotabasamu ambao kazi nzuri na mchumba mzuri walitokana, kwa maelezo ya tangazo, na uso uliong'aa.

Yatupasa kusema kweli hapa. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba mambo haya yote yaliletwa na mkoloni, na kwamba kabla yake hakuna aliyemtazama mtu kwa rangi yake. Sivyo. Lugha yetu ina sifa nzuri ya rangi ya maji ya kunde, na ni sifa ya kupendeza, lakini katika miji ya pwani iliyotawaliwa na mabwana wenye watumwa, weupe ulisifiwa pia kwa sababu ulifungamana na uungwana, na weusi ukabezwa kwa sababu ulifungamana na utumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini maneno hayakufa siku ile. Kopo lilipokuja lilikuta mlango umekwisha kuwa wazi kidogo.

Kitu cha pili kiligunduliwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi walikuwa wakigeuka weupe mikononi, mabaka kwa mabaka, mahali hasa palipofunikwa na glavu zao za mpira. Ilionekana kwamba mpira ule ulitiwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni ili usichakae. Wafanyakazi wale walikuwa wamepata madhara ya kazini. Lakini kilichoonekana na daktari kuwa madhara, mfanyabiashara alikiona kuwa bidhaa, na baadaye haidrokwinoni yenyewe ikaingia katika krimu za uso.

Onyo la mapema kutoka kwa madaktari wa Afrika Mashariki lilitolewa Nairobi. Mwaka 1972 madaktari walichapa taarifa juu ya watu wazima 60 waliougua figo, wenye miili iliyovimba kwa kupoteza protini katika mkojo. Walipowahoji, waligundua kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu zenye zebaki. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo walipoacha krimu walipata nafuu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1975, madaktari wa ngozi wa Pretoria nao wakaandika kuhusu wanawake waliotumia haidrokwinoni kwa muda mrefu. Nyuso zao zilikuwa zimepata weusi wa buluu na vijipu vidogo vigumu mashavuni, mahali pale pale walipotaka weupe, na weusi huo haukutoka. Walioupata walizidisha krimu ili kuuficha. Ni hadithi ya mabibi wa risasi imerudi.

Tanzania ilikuwa imekwisha kuchukua hatua, lakini ya namna nyingine. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua, ianze Mwaka Mpya wa 1969. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kuhifadhi utamaduni wa taifa. Siku chache baada ya tangazo, makundi ya vijana wa kiume katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, waliwavamia wasichana na kuwachania nguo, hata polisi ikabidi waingie kati. Barua nyingi zilipelekwa magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Wako walioandika kwamba jambo geni halikuwa sketi peke yake, maana suti na tai za waheshimiwa nazo hazikushonwa na mababu.

Maoni yetu ni haya. Marufuku ile iliiweka krimu katika orodha moja na sketi, kana kwamba zote mbili ni makosa ya adabu. Sketi haikumuua mtu figo. Ilikuwa nafasi ya kuwaeleza wananchi kilichomo ndani ya kopo, badala yake wakaelezwa kilichomo ndani ya kichwa cha mnunuzi. Msichana alihukumiwa kwa kuiga. Mtengenezaji hakuulizwa neno. Tunalisema hili bila kudharau nia ya viongozi wa wakati ule, maana walikuwa kweli wanajenga taifa, na kweli krimu ile ilikuwa tusi kwa mtu mweusi. Huko Afrika Kusini vijana wa harakati za kujitambua kwa mtu mweusi walilisema jambo hilohilo, ila wao walishirikiana pia na madaktari wa ngozi. Mwaka 1990 nchi hiyo ilitoa kanuni za kupiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi, miaka kumi hivi kabla Ulaya haijafanya hivyo mwaka 2001.

Katika miaka ya 1990 kilitokea kisa ambacho twadhani kila mwanafunzi wa kando ya Ziwa Viktoria angepaswa kukijua. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na palikuwa na wasiwasi kwamba zebaki hiyo ilikuwa ikiingia ziwani na ndani ya samaki. Alikuja daktari Masazumi Harada kutoka Kumamoto, Japani, mtu aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa Minamata, mji ambao wakazi wake walilemazwa na samaki wenye zebaki ya kiwandani. Yeye na wenzake walichukua nywele za wachimbaji, za wavuvi na jamaa zao, na za wakazi wa mji wa Mwanza, wakazipima. Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Nywele za wavuvi wengi hazikuwa na jambo la kutisha. Lakini baadhi ya watu ambao hawakuwa wachimbaji walikutwa na zebaki nyingi mno, wala haikuwa ya aina itokayo kwenye samaki. Kilichoshukiwa ni sabuni ya kuogea. Uchunguzi uliofuata upande wa Kenya, uliotolewa mwaka 2001, ulikuta mambo yaleyale: sabuni za kuchubua zilizotengenezwa Ulaya, zenye asilimia 2 ya chumvi ya zebaki.

Ulaya ilikuwa imekataza zebaki katika sabuni na krimu za ngozi tangu 1976. Lakini kilichokatazwa kuuzwa kwao hakikukatazwa kutengenezwa kwa ajili ya kupelekwa kwa wengine, mpaka ilipotungwa kanuni ya mwaka 2003 iliyozuia kusafirisha sabuni hizo nje. Kwa miaka zaidi ya ishirini, basi, kiwanda kiliweza kufuata sheria ya kwao sawasawa na papo hapo kumtilia sumu mama wa Mwanza.

Tangu hapo sheria zimeongezeka. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na zebaki, haidrokwinoni na dawa kadhaa nyingine zikawa haramu katika vipodozi; tangu 2019 udhibiti huo uko chini ya Shirika la Viwango. Mkataba wa dunia juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013 ukapewa jina la Minamata. Hata hivyo kopo halikwisha, lilibadili sura tu. Neno mkorogo, ambalo zamani lilikuwa ni la uji au la saruji, sasa watu wote wanalijua kwa maana nyingine: krimu mbili tatu zilizochanganywa nyuma ya duka, mara nyingi pamoja na dawa kali za ngozi za hospitali. Dawa hizo hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na kidonda kikachelewa kufunga, jambo ambalo madaktari wa upasuaji hulikuta mezani. Watafiti waliozungumza na wanawake 42 wa Dar es Salaam, wakatoa taarifa yao mwaka 2011, walijibiwa sababu nyingi: kuondoa chunusi, kulainisha ngozi, kumpendeza mume, kuwa mweupe. Miongoni mwa sababu hizo ilikuwamo moja iliyotusimamisha. Wako waliosema wanaendelea kujichubua ili kuondoa madhara ya kujichubua.

Wakati huohuo biashara nyingine inaendelea ufukoni. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya Unguja wamelima mwani kwa ajili ya kuuza nje. Wakati wa maji kupwa utawaona wameinama katikati ya mistari ya kamba, wakifunga vipando. Mwani huo hukaushwa, hupelekwa ng'ambo, na ndani yake hutolewa kitu cha kuzitia uzito dawa za meno, losheni na krimu. Kisha makopo hayo husafiri kurudi, yakauzwa katika maduka ya Darajani kwa bei ambayo mkulima hawezi kuikaribia. Vikundi kadhaa vya wakulima hao wamechoka kungoja kopo. Wanausaga mwani wenyewe, wanauchanganya na mafuta ya nazi, karafuu na mchaichai, wanatengeneza sabuni, wanaikata vipande kwa kisu na kuiacha ikauke kivulini. Ukimwuliza mmojawao kilichomo ndani yake, anakutajia vyote, kimoja kimoja, akihesabu kwa vidole.